Kumtoa kijana kwenye mikeka ya kubeti

Usianze kwa kumwambia kamari ni haramu. Kijana wa Unguja au Pemba aliyepita chuo cha Qurani anaijua aya ya 90 ya Suratul Maida inayoikataza. Ndiyo maana anabeti usiku chini ya shuka. Anza na simu, ikiwa mkononi mwake mwenyewe.

Kama ni mvuvi wa dagaa, kaa naye siku za mbalamwezi, vyombo vimelala na mfukoni hamna kitu. Aombe taarifa ya miamala ya miezi 3 kwenye pesa za simu. Kwenye daftari apige safu mbili: zilizokwenda kubeti na zilizorudi. Ajumlishe yeye. Anaikumbuka siku aliyopata 80,000. Zile 2,000 za kila siku, ambazo ni 60,000 kwa mwezi, kazisahau. Ushindi uliobaki kwenye akaunti ya kubeti ukabetiwa tena usiuhesabu, haukurudi.

Kisha mpigieni hesabu mkeka mmoja, yaani dau moja la mechi kadhaa ambazo lazima zote zitiki. Mechi 10, kila moja odi (kizidishio cha dau) 1.40, unalipa kama mara 29 ya dau. Lakini ukiondoa fungu la kampuni, timu ya odi hiyo hushinda kama mara 65 katika 100. Kwenye kikokotoo azidishe 0.65 kwa 0.65, tena kwa 0.65, hadi zitimie 0.65 kumi: inatoka 0.013, yaani mkeka 1 katika 74 hivi. Kwa dau la 1,000, atatoa 74,000 ili apate 29,000. Na mkeka uliochanwa na mechi moja unalipa sifuri, sawasawa na uliochanwa na mechi tano. Hapo pakalieni sana, maana hiyo "bado moja tu" ndiyo inayomrudisha kesho.

Kufunga kuna mpangilio wake. Atoe salio, aiandikie kampuni imfungie akaunti, ndipo afute programu na kutoka kwenye magrupu ya wauza mikeka. Wengi hufuta programu tu. Akaunti inabaki hai, Jumamosi unaingia ujumbe wa dau la bure, amekwisha.

Saa za mwanzo baada ya malipo ndizo mbaya kuliko zote, iwe siku za giza, dagaa wanapovuliwa, au msimu wa karafuu. Siku hiyo hiyo pesa itoke kwenye simu: fungu la mama, fungu la mchezo wa kupokezana, fungu kwenye kibubu kilichopigiliwa misumari, si cha kufuli. Abaki na nauli. Madeni mlipe mdai mwenyewe, usimpe kijana mkononi. Mkopo wa simu utangulie: hukatwa pesa ikiingia tu, na aliyekatwa hutaka kuirudisha kwa kubeti.

Akiteleza, iandikwe daftarini, bila matusi. Asipolala, akinyamaza siku nzima au akisema bora afe, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni siku hiyo hiyo: Unguja, hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu; Pemba, anzieni hospitali ya Chake Chake.