Tiketi isiyogongwa muhuri haikusaidii: kwa mnaohamia Ujerumani

Nilitozwa euro 60 nikiwa na tiketi mkononi. Nilikuwa nimeinunua kwenye mashine pale kituoni, kwa sarafu zangu mwenyewe, nikapanda basi nikakaa. Vituo viwili mbele waliingia watu wawili wenye makoti ya kawaida kama abiria wengine, na milango ilipofungwa wakatoa vitambulisho. Mmoja akaishika karatasi yangu, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza mbona haijagongwa. Nikamwonyesha kwamba nimelipa. Akaanza kuandika.

Jamani, hapa ndipo tunaponaswa wengi. Katika miji mingi ya Ujerumani, kununua tiketi ni nusu ya kazi. Kuna kiboksi kidogo chenye tundu jembamba, ama ndani ya basi ama pale unaposubiri treni. Unachomeka tiketi, kinakwaruza kidogo, inatoka na mstari wa wino hafifu: tarehe, saa, kituo. Bila mstari huo tiketi yako haijaanza kazi, kwa sababu machoni pao ungeweza kuitumia tena kesho na kesho kutwa. Ukiona neno entwerten, gonga. Gonga kabla hujatafuta siti, gonga hata kama unashuka kituo kinachofuata. Zipo mashine zinazotoa tiketi iliyokwisha gongwa, basi kama huna hakika muulize dereva mapema. Wakaguzi wakishaingia, kuuliza hakukusaidii tena.

Sisi tumelelewa na konda. Unakaa, anakujia, unalipa, unadai chenji yako. Hata mwendokasi pale Kimara, tiketi inakaguliwa getini, ukishapita roho imetulia. Huku hakuna konda wala geti. Wenyeji wanaona huko ni kuaminiana, na kwa kweli kunapendeza: bibi anapanda na mkongojo wake taratibu, hakuna anayemsukuma wala kumpigia kelele. Lakini imani hiyo haina sikio. Aliyekosea kwa ugeni na aliyekusudia kukwepa nauli wanaandikiwa karatasi ileile. Mimi naona si haki, na nimewaambia wenzangu kazini. Wananijibu kuwa kanuni zimebandikwa. Ni kweli zimebandikwa, kwa Kijerumani, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi.

Kosa langu la pili lilikuwa barua. Nilikuwa nimehama chumba, ikaenda anwani ya zamani, na iliponifikia deni lilikuwa limeshaongezewa gharama. Msinyamaze, nawaomba. Nyumbani karatasi ya faini unaweza kuiweka droo ukasubiri mambo yapoe, huku hayapoi. Kusafiri bila tiketi ni kosa la jinai, kifungu cha 265a cha sheria ya jinai ya Ujerumani, na adhabu yake ni faini au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Anayenaswa mara kwa mara anaweza kufikishwa mahakamani.

Mengine ni mepesi. Bonyeza kitufe kabla ya kituo chako. Fika mapema, dereva hamsubiri anayekimbia.

Ukishakuwa mkazi, chukua Deutschlandticket, tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 mwaka 2025. Inakubalika kwenye mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima, ila si ICE, yaani treni za kasi za masafa marefu. Hujisasisha yenyewe kila mwezi, kwa hiyo ukitaka iishe mwisho wa mwezi, isitishe kabla ya tarehe 10. Simu ikizima mkaguzi akakuandikia, usibishane naye: ndani ya wiki moja peleka uthibitisho kwamba ulikuwa nayo, na zile euro 60 zitashuka hadi 7 au chini ya hapo.

Tiketi hiyo ina jina lako. Shangazi akija kukutembelea atakuambia, "Mwanangu, nipe hiyo yako nifike sokoni mara moja, wewe si umelala?" Shangazi zetu tunawapenda, lakini hawaelewi kwamba mkaguzi atadai pasipoti na kulinganisha majina. Usimpe. Mnunulie yake, mpeleke mpaka kwenye kiboksi, aichomeke mwenyewe, na msiondoke hapo mpaka muuone ule wino.