Somo: Utumie bwrap ya mfumo au ile iliyofungashwa ndani ya Flatpak?

Swali hili limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niliandikie somo moja, na tangu leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa.

Flatpak, mfumo wa kusimika programu kwenye Linux na kuziendesha zikiwa zimefungiwa (ndani ya "kizimba"), haijengi kizimba hicho yenyewe. Kazi hiyo huiachia programu ndogo iitwayo bubblewrap, ambayo kwa amri ni bwrap, nayo ndiyo huifungia programu nyingine isione faili wala michakato isiyoihusu. Anayeijenga Flatpak kutoka msimbo chanzo huwa na njia mbili: kutumia bwrap iliyowekwa na distro yake (yaani aina ya Linux anayotumia, kama Ubuntu au Debian), au kutumia nakala inayokuja pamoja na msimbo wa Flatpak, ambayo husimikwa kwa jina la flatpak-bwrap. Msimamo wangu ni kwamba utumie ya mfumo mpaka uweze kutaja kitu mahususi inachokikosa, kwa sababu tundu la usalama likigunduliwa, ya mfumo itazibwa na masasisho ya kawaida, ilhali nakala ya ndani itakungoja wewe uijenge upya.

Hatua ya 1. Fungua programu yoyote ya Flatpak, kisha andika `pgrep -a bwrap`. Ukiona flatpak-bwrap, unatumia ya ndani; ukiona bwrap tupu, ni ya mfumo.

Hatua ya 2. `sudo apt install bubblewrap xdg-dbus-proxy`. Hiyo ya pili, inayochuja mawasiliano kati ya programu iliyofungiwa na nyingine, nayo ina nakala ya ndani, na hoja zake ni zilezile.

Hatua ya 3. Kagua uwezo wa bwrap kabla ya kukagua namba ya toleo lake. Agosti 2024 ulitangazwa udhaifu CVE-2024-42472 (CVE ni namba ya kuutambulisha udhaifu wa usalama), ambao uliiwezesha programu iliyofungiwa kufikia faili za nje kwa kupitia saraka zake za kudumu. Ili kuuziba, Flatpak ilihitaji chaguo jipya la bwrap, `--bind-fd`, lililoingia katika toleo 0.10.0. Ubuntu 24.04 hata hivyo imebaki na 0.9.0, na Debian 12 na 0.8.0, huku kiraka chenyewe kikiwa kimeongezwa ndani. Kwa hiyo andika `bwrap --help | grep bind-fd`. Jibu likirudi, unacho unachokihitaji.

Hatua ya 4. Andaa ujenzi ndani ya saraka ya msimbo wa Flatpak: `meson setup jenga -Dsystem_bubblewrap=bwrap -Dsystem_dbus_proxy=xdg-dbus-proxy`. Ukiziacha tupu, zitajengwa nakala za ndani.

Hatua ya 5. Someni hapa polepole, maana hatua hii iliwahi kunishinda. Ubuntu 24.04 inazuia programu za kawaida kujitengenezea nemspesi za mtumiaji (uwezo wa kerneli ambao bwrap huutumia kujenga kizimba), isipokuwa zile zenye wasifu unaoziruhusu katika AppArmor, mfumo wa kuwekea programu mipaka, na ruhusa hiyo hufuata njia ya faili. Wasifu uliopo, `/etc/apparmor.d/flatpak`, unaitambua `/usr/bin/flatpak` peke yake. Flatpak uliyoijenga ikiwa chini ya `/usr/local/bin` haiguswi nao, na utapata ujumbe huu: `bwrap: setting up uid map: Permission denied`. Ujumbe huo hupotosha, kwa kuwa msomaji hudhani ruhusa za faili zimekosewa, akaanza kuzibadilisha moja baada ya nyingine bila kufika popote. Dawa yake ni kunakili wasifu ule kwa jina jipya la faili, kubadilisha njia iwe `/usr/local/bin/flatpak`, na kubadilisha pia jina la wasifu ulioko ndani, kwani majina mawili yakifanana mmoja utaufuta mwingine. Kisha upakie kwa `sudo apparmor_parser -r` ukifuatishia njia ya faili hilo jipya.

Onyo la kwanza: usiipe bwrap setuid (alama inayoifanya programu iendeshwe kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mfumo) ili kukwepa kazi hii, kwani udhaifu CVE-2020-5291, iliyozibwa katika toleo 0.4.1, ilitokana na bwrap yenye setuid. Onyo la pili: usizime `kernel.apparmor_restrict_unprivileged_userns`, yaani zuio lenyewe la Hatua ya 5, kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi. Onyo la tatu: wasifu wa namna hii usielekeze kamwe kwenye faili lililo ndani ya saraka ya nyumbani, ambalo mwenye saraka hiyo, au programu yoyote anayoiendesha, inaweza kulibadilisha.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kampala:* Nimefuata yote na bado haifanyi kazi. Nisaidieni haraka.

Ndugu, "haifanyi kazi" si ujumbe wa kosa. Leta ujumbe wenyewe, jina la distro, na jibu la Hatua ya 3.

*Mwanachama, Jinja:* Programu yangu ya gumzo ilikataa kufunguka, nikaongeza `--no-sandbox` ikafunguka. Somo refu la nini?

Ilifunguka kwa sababu umekiondoa kizimba chote. Programu za namna hiyo mara nyingi hujengwa juu ya Chromium, kivinjari cha wavuti chenye kizimba chake, na sasa msimbo wa ukurasa wowote inaoufungua ukipata upenyo utakuwa na uwezo uleule ulio nao wewe juu ya faili zako. Ihamishie `/opt` chini ya root, uiandikie wasifu kama wa Hatua ya 5.

*Mwalimu wa kompyuta, Gulu:* Naomba kuelewa, kwa nini distro huziba udhaifu bila kupandisha namba?

Swali zuri, Mwalimu. Toleo jipya huja na kiraka pamoja na mabadiliko mengine ambayo hayajajaribiwa na programu zote za distro ile. Walezi wa vifurushi huchukua kiraka peke yake na kukipachika kwenye toleo la zamani. Alama yake utaiona mwishoni mwa namba kamili ya kifurushi, ukiandika `apt policy bubblewrap`. Na `apt changelog bubblewrap` itakuonyesha namba ya CVE.

*Mwalimu yuleyule:* Asante sana. Maabara yetu hununua data kidogo kidogo. Je, kila kompyuta ipakue programu zake upya?

La hasha. Pakua kwenye moja, kisha utumie `flatpak create-usb` ukitaja njia ya flashi na jina la programu. Kabla ya hapo, kompyuta zote zipewe `flatpak remote-modify --collection-id=org.flathub.Stable flathub`. Kwenye nyingine usimike kwa `flatpak install --sideload-repo=` ukielekeza kwenye `.ostree/repo` iliyo ndani ya flashi.