Leaf mtumba na joto la Malindi
Jamani mnaotaka kununua Nissan Leaf ya mtumba, lile gari la umeme, msidanganywe na kilomita, angalieni vile vijimstari vyembamba pembeni ya geji ya chaji, vyatakiwa viwe 12, kikipotea cha kwanza ujue uwezo wa betri kubeba chaji ushashuka kama asilimia 15 hivi. Mimi nina mwaka wa nne na yangu hapa Malindi na adui si safari, ni joto, maana Leaf hizi za zamani hazina maji ya kupoza betri kama magari mengine ya umeme, zategemea hewa tu. Kwa hivyo kaskazi ikishika napaki chini ya mwembe (maembe yanapiga boneti kweli, lakini afadhali boneti), na nikirudi kutoka Kilifi mchana siichomeki hapo hapo, naiacha ipoe kwanza nachaji usiku wa manane. Huwa naishia asilimia 80, yatosha Gede na Watamu, mia nzima ni siku ya safari ndefu pekee. Na ukienda bara wiki mbili tatu usiiache imejaa pomoni wala imekauka, iache kwenye nusu hivi.