Kabla hujauza mashine za masikio Mombasa: vibali unavyohitaji

Wengi wanaoingia biashara hii hukimbilia kibali cha kaunti, wakakitundika ukutani, wakadhani wamemaliza. Kibali hicho kinakuruhusu kufungua duka tu. Hakikupi ruhusa ya kupima sikio la mtu.

Hatua ya kwanza ni nyepesi. Sajili jina la biashara kupitia eCitizen, uwe na PIN ya KRA, kisha omba kibali cha biashara cha Kaunti ya Mombasa.

Ya pili ni bidhaa. Mashine ya masikio, ile ya kumsaidia mtu kusikia, ni kifaa tiba, na vifaa tiba hapa Kenya viko chini ya Bodi ya Famasia na Sumu. Hakikisha aina unayoagiza inatambuliwa na Bodi, na kibali cha kuingiza kimetoka, kabla hujalipia mzigo. Ukianza kutafuta karatasi mzigo ukiwa tayari bandarini Kilindini, gharama za kuuhifadhi zitakula faida yote. Ukinunua kwa msambazaji wa hapa, mwombe nakala za vibali hivyo. Akizificha, mwache.

Ya tatu, na hapa tutulie: nani anapima? Chumba cha kupimia wagonjwa ni kituo cha afya, na leseni yake hutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Anayepima awe mtaalamu aliyesomea masikio. Kama ni afisa wa kliniki, mwambie akuonyeshe leseni ya Baraza la Maafisa wa Kliniki, ya mwaka huu, si ya mwaka juzi.

Nalisisitiza hili kwa sababu namjua mzee mmoja wa Majengo aliyeuziwa mashine mbili, kumbe masikio yalikuwa yamejaa nta. Aliposafishwa, akasikia. Pesa zake hazikurudi. Na aliyepoteza usikivu ghafla usimuuzie kitu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

MASWALI

Shukran mwalimu. Mbona Marekani zinauzwa dukani bila daktari?
Ni kweli, tangu Oktoba 2022. Lakini ni kwa watu wazima wa miaka 18 na zaidi, wenye upungufu mdogo au wa wastani. Mtoto hayumo. Tena sheria hiyo ni ya kwao, haikufuati hadi Digo Road.

Binamu yangu huniletea kutoka Dubai kwenye sanduku la nguo. Chache tu.
Ndugu yangu, ukishaziuza ni biashara. Sanduku halibadilishi kifaa tiba kuwa nguo.

Mwalimu, baba alifariki akaacha mashine yake. Jirani yetu hapa Likoni anaitaka, nimuuzie?
Pole sana, dada. Usimuuzie ilivyo. Ile imepangwa kwa usikivu wa marehemu, na kama ina kalibu (kipande kinachoingia sikioni), lilichongwa kwa sikio lake. Jirani apimwe kwanza, mtaalamu aone kama inaweza kupangwa upya, na kalibu litengenezwe jipya.