Ukisahau jina la amri: kutengeneza faharasa ya man kwa mandb

Vijana ninaofanya nao kazi kwenye chumba cha sava wote wanajua `man ls`, inayofungua ukurasa wa mwongozo wa amri `ls`. Tatizo huanza pale jina la amri lenyewe hawalijui. Hapo hukimbilia intaneti. Nawasisitizia waanze na `apropos`, amri inayotafuta kurasa za man kwa maneno ya maelezo yake, maana majibu yake yanahusu toleo lililosakinishwa kwenye mashine iliyo mbele yao, na bando likiisha bado yapo.

Jaribu:

    apropos -a space usage

Hiyo `-a` inataka maneno yote mawili yawepo. Utaletewa `df` na `du`, kila moja na maelezo ya mstari mmoja. Ukitaka amri za msimamizi wa mfumo tu, ongeza `-s 8`, yaani sehemu ya 8 ya mwongozo.

Ikikujibu "nothing appropriate" kwa kila unachouliza, usiiache. `apropos` haipekui kurasa zenyewe; inasoma faharasa, na huenda haijatengenezwa. Kwenye Debian, Ubuntu na Fedora kazi hiyo ni ya `mandb`:

    sudo mandb

Ikimaliza inakwambia kurasa ngapi zimeongezwa na maingizo mangapi ya zamani yamefutwa. Faharasa inakaa `/var/cache/man`. Ukishuku imeharibika, `sudo mandb -c` huitengeneza upya yote, ila inachukua muda, kwa hiyo isiwe mazoea. Kwenye FreeBSD na OpenBSD tumia `makewhatis`.

Faida kubwa zaidi naiona kwenye skripti zetu wenyewe. Kila ofisi ina skripti inayojulikana na mtu mmoja, naye akienda likizo kazi inasimama. Iandikie ukurasa, `/usr/local/share/man/man8/nakili-usiku.8`:

    .TH NAKILI-USIKU 8
    .SH NAME
    nakili-usiku \- hunakili hifadhidata ya mauzo kwenye diski ya nje
    .SH MAELEZO
    Huendeshwa na cron saa nane usiku.

Mstari ulio chini ya NAME uandike kwa uangalifu kuliko yote, kwani ndio pekee unaoingia kwenye faharasa. Jina, nafasi, `\-`, nafasi, maelezo. Neno NAME liache lilivyo. Ukikosea mpangilio, `man` itaufungua ukurasa vizuri tu lakini `apropos` haitauona. Kagua kwanza:

    lexgrog nakili-usiku.8

Ikirudisha jina na maelezo yako, endesha `sudo mandb`, kisha `apropos mauzo`. Na kwenye maelezo tumia neno ambalo mwenzako atalitafuta. Kama wahasibu wanasema mauzo, andika mauzo, hata kama jedwali lenyewe linaitwa `trx_2`.

Ndani ya kontena za Docker mambo ni tofauti: picha (image) ndogo za Debian zinazotumika kuanzisha kontena huondolewa kurasa za man makusudi, hivyo `mandb` haina cha kuorodhesha. Endesha `manpath` uone saraka zinazopekuliwa, halafu hakikisha zina kitu ndani.