Kutoboa barafu kwa maji ya moto bila kuchafua ziwa lililo chini: zoezi la ndoo mbili

Kila ninapofanya zoezi hili na wanafunzi wa kidato cha tano hapa Mbeya, kuna anayeuliza: maji ya kutobolea yakishachemka si yameshakuwa safi? Bado. Na hata yangekuwa safi, hiyo ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni urefu wa maji yaliyomo shimoni dakika ile shimo linapofika ziwani.

Tengeneza ziwa. Tafuta ndoo mbili za plastiki zenye koki, zile za kunawia mikono. Jaza maji, usifunike. Zungushia sponji la godoro pembeni, chini na kwenye koki, ukiacha juu wazi, kisha ziingize kwenye friza kubwa. Wauza samaki wa soko la Mwanjelwa hukubali ukiwaomba vizuri. Baridi ikipita juu peke yake, barafu huanzia juu kushuka na maji hubaki chini. Zitoe barafu ikifika unene wa sm 10 hivi, au mapema zaidi ukiona ndoo zinavimba.

Andaa maji ya kutobolea. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na Makete, iliyo juu zaidi, huchemka chini ya hapo. Mbegu sugu za bakteria hazifi kwa joto hilo. Tumia sufuria ya presha, dakika 20. Tia rangi nyekundu ya chakula. Rangi hiyo ndiyo shahidi wetu: ikionekana ziwani, ujue tumechafua. Weka maji kwenye chupa ya chai.

Hesabu ni rahisi. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 huhitaji kilojuli 334 kuyeyuka. Lita moja ya maji ya nyuzi 90 ikipoa hadi 0 hutoa 377 hivi. Shimo letu la upana wa sm 3 halifikishi hata gramu 70 za barafu, lakini joto jingi hupotea njiani, kwa hiyo andaa lita nzima.

Safisha vifaa. Mpira wa drip, kipande cha bomba la shaba kutoka kwa fundi friji, bomba la sindano la ml 50. Vifute vyote kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya duka la dawa. Vaa glovu.

Toboa ndoo ya kwanza. Weka chombo cha maji ya moto juu ya meza, shusha mpira, ncha ya shaba iguse barafu. Shika kwa kitambaa, inaunguza. Maji yanayojaa shimoni yavute kwa bomba la sindano kila mara.

Ukifika sm 7, simama. Barafu inayoelea huzama sehemu tisa kati ya kumi, kwa hiyo maji ya ziwa yakipata upenyo yatapanda hadi kama sm 9 kutoka chini ya barafu. Shimoni basi bakiza maji kidogo sana, sm 2 au 3 kutoka kitako chake. Sentimita ya mwisho funga mpira kabisa, umalizie kwa ncha ya shaba uliyoichovya kwenye maji ya moto, ukirudia hadi ipenye. Ziwa litapanda shimoni. Maji yetu hayatashuka.

Katika Antaktika, ambako kuna maziwa halisi chini ya barafu, kanuni ni hiyo hiyo. Warusi walifika Ziwa Vostok Februari 2012, chini ya barafu ya zaidi ya mita 3,700, kwa shimo lililojazwa mafuta ya taa na kemikali, na ubishi juu ya uchafuzi haukukwepeka. Desemba mwaka huo Waingereza walisitisha kazi Ziwa Ellsworth: walishindwa kuunganisha shimo kuu na uwazi uliochimbwa mita 300 chini, ambao ungewawezesha kusawazisha shinikizo la maji kabla ya kupenya. Mimi naona walifanya vizuri kuacha. Wamarekani Januari 2013 walipita mita 800 za barafu hadi Ziwa Whillans kwa maji yaliyochujwa, kupigwa mionzi ya urujuanimno na kupashwa moto, na sampuli zilionyesha bakteria hai.

Ndoo ya pili, kosea makusudi. Kwanza chota kikombe kupitia koki ili shinikizo la chini lipungue. Jaza shimo maji mekundu hadi mdomoni, kisha penya. Rangi itazama papo hapo, na wanafunzi watapiga kelele.

Chukua sampuli. Fungua koki ya kila ndoo, mwaga kidogo yaliyolala kwenye koki, kisha kinga kwenye glasi na uziweke juu ya karatasi nyeupe. Ndoo ya kwanza ikionyesha hata uwekundu hafifu, angalia kwanza kama mpira ulifungwa kweli kwenye ile sentimita ya mwisho.