Kulinganisha nafaka inayolishwa mifugo: Marekani na India, hatua kwa hatua

Nchi ipi inalisha mifugo nafaka nyingi zaidi? Swali hili huulizwa sana kwenye mijadala ya chakula, na mara nyingi hujibiwa kwa tarakimu moja iliyookotwa mahali. Hapa naonyesha jinsi ya kupata jibu linalosimama. Nimechagua Marekani na India kwa sababu zina mifugo mingi zote mbili, lakini zinailisha kwa namna tofauti kabisa.

Hatua ya 1: Chota takwimu kisima kimoja

Fungua FAOSTAT, hifadhidata ya takwimu ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), uingie sehemu ya mizania za chakula, yenye alama FBS. Chagua nchi zote mbili, bidhaa namba 2905 (jumla ya nafaka bila bia), kisha vipengele viwili: 5301, yaani nafaka yote iliyopatikana kwa matumizi ya ndani, na 5521, iliyolishwa mifugo. Pakua miaka mitatu ya karibuni. Tarakimu ziko katika maelfu ya tani, kwa hiyo 1,500 ni tani milioni moja na nusu. Usiziunganishe na za mfululizo wa zamani, FBSH. Njia ya kukokotoa ilibadilishwa, na utaona mruko ambao hauhusiani na ng'ombe wala kuku.

Hatua ya 2: Gawanya kwa matumizi ya ndani, si kwa mavuno

Chukua 5521, gawanya kwa 5301, zidisha kwa 100. Ukigawanya kwa mavuno, nchi inayouza nje kama Marekani itaonekana inalisha kidogo kuliko hali halisi, na nchi kama Japani, ambayo huagiza karibu mahindi yake yote ya mifugo, itakupa asilimia ya ajabu.

Hatua ya 3: Tumia wastani wa miaka mitatu

Mwaka 2012 ukame uliipiga Marekani, mahindi yakapanda bei na wafugaji wakapunguza walichowapa wanyama. Anayechukua mwaka huo peke yake anapima ukame, hapimi ufugaji.

Hatua ya 4: Jiulize tarakimu ilipatikanaje

Hatua hii ndiyo watu huiruka, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote. Hakuna anayesimama kwenye kila banda na mizani. Marekani, Wizara ya Kilimo huhesabu mahindi yaliyomo maghalani kila robo mwaka, hutoa yaliyouzwa nje, yaliyoingia viwandani na ya mbegu, na kinachobaki ndicho huandikwa kuwa cha mifugo pamoja na masalia. Kosa lolote la makadirio ya mavuno linaangukia humo. Kwenye FAOSTAT, angalia safu ya alama kando ya tarakimu: A ni takwimu rasmi, E ni makadirio, I imejazwa kwa kukokotoa. Ukiona E na I, tofauti ya asilimia moja au mbili kati ya nchi mbili usiipe uzito.

Hatua ya 5: Ipime kwa zao moja

Kwa Marekani, chukua mahindi ya msimu wa 2023/24. Yaliyoandikwa kuwa ya mifugo ni takriban busheli bilioni 5.8. Busheli moja ya mahindi ni kilo 25.4, hivyo ni kama tani milioni 147. Kwa watu wapatao milioni 335, ni kilo 440 hivi kwa kila mtu.

India ilivuna mahindi tani milioni 37 hivi msimu huohuo. Tuchukulie yote yaliliwa na kuku, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa mengine huliwa na watu na mengine huenda kwenye wanga na ethanoli, yaani kilevi kinachotumika kama mafuta ya magari. Ukigawanya kwa watu bilioni 1.43, hupati hata kilo 27 kwa mtu. Dari lenyewe liko chini sana, kwa hiyo pengo hili haliwezi kuwa limetokana na ubovu wa takwimu.

Hatua ya 6: Andika kilichobaki nje ya safu

India inaongoza duniani kwa maziwa, na nyati na ng'ombe wake hula zaidi majani, mabua, pumba na mashudu. Hivyo havimo kwenye 5521. Marekani nayo, mahindi yanayotengenezewa ethanoli hayahesabiwi kuwa ya mifugo, ingawa karibu theluthi ya uzito wake hubaki kama machicha yenye protini nyingi, na sehemu kubwa ya machicha hayo huishia kwa ng'ombe, nguruwe na kuku. Ukisema Marekani inalisha mifugo tani 147 milioni za mahindi, bado hujahesabu machicha hayo.

Unapochapisha matokeo, taja miaka, chanzo, kigawanyo ulichotumia, na kama mchele umehesabiwa ukiwa umekobolewa au ukiwa bado mpunga. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa mchele kilo 65 hivi, na kwa nchi inayolima mpunga kama India, kuchanganya hivyo viwili kunahamisha asilimia nzima.